Mkia wa Fisi na Swara wa Plateau

Langas, Eldoret
11 Februari 2024

Kwa Mabonga,

Salamu. Huku sisi ni wazima, wale tuliobaki. Linah yuko kidato cha pili na anaongoza shule nzima kwa kuazima vitu na kutorudisha. Mama mwenye nyumba amepaka geti rangi ya bluu ili tusahau kwamba choo ni kile kile. Mimi bado nauza matumbo pale pale, na magoti bado yananiuma. Asante kwa kuuliza mara hizo zote ambazo hukuuliza.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Namba yako niliifungia kwa simu wiki ile tulipomzika mume wangu, na sijaifungua, kwa hivyo usihangaike kupiga. Barua naweza kuikunja nikaiweka chini ya sufuria. Sauti yako siwezi. Huyu rafiki yako Wachira wa trela anapita kwenu Voi na kwetu hapa kila akienda Malaba, basi yeye ndiye posta yetu. Akichelewa, vumilia. Mimi nimevumilia miaka miwili.

Sasa jambo lenyewe. Mpwa wako Byron anataka kuoa. Anaendesha pikapu ya kukusanya maziwa kule Kapseret, na huko ndiko alikopata Jelagat, mwalimu wa chekechea, msichana mwenye adabu hata najiuliza ameona nini kwa kijana anayekula akiwa amesimama. Baba yake ni Mzee Kipngetich, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Tulienda kupiga hodi wiki jana. Mzee akauliza, "Baba wa kijana yuko wapi?" Nikasema amefariki. "Ndugu za baba?" Nikasema Sifuna alizaliwa peke yake. "Basi mjomba wake yuko wapi?"

Nikanyamaza. Wewe unajua mimi kunyamaza ni kazi. Byron ndiye aliyejibu, akasema, "Mjomba yuko, atakuja."

Kwa hivyo tarehe nne Mei, Jumamosi, tunaenda kuposa, na Mzee amesema wazi kwamba bila mwanamume wa damu yetu wa kumsemea kijana, tutakunywa chai turudi nyumbani. Hata kikwetu mjomba, khocha, ndiye nguzo ya mtoto. Mimi nguzo niliyo nayo ni wewe uliyekuwa umeshika usukani siku Sifuna alipokufa pale Plateau, wewe na yule swara wako aliyeruka barabarani. Mungu ana mzaha.

Sikuombi. Nakuarifu. Jibu kwa neno moja tu: nakuja, au siji.

Dadako,
Nanzala


Kambi ya barabara, karibu na Voi
3 Machi 2024

Kwa dada yangu Nanzala,

Nakusalimu sana, na Linah na Byron pia. Barua yako ilifika ikiwa na doa la mafuta ya Wachira, nikaisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Pole kwa magoti. Jaribu kuyakanda na maji ya chumvi. Hongera kwa geti.

Mimi niko. Naendesha boza la maji la kontrakta, namwagilia vumbi barabara inapotengenezwa. Ni kazi nzuri kwa mtu kama mimi. Nabeba maji tu, sibebi watu. Maji hayalalamiki na hayaulizi tutafika saa ngapi.

Hapa wanyama ni wengi kuliko watu, na adabu yao barabarani ni kama ya vijana wa boda wa huko Langas. Boza likivuja, jioni utakuta kanga na swara wadogo wamepanga foleni kwa dimbwi katikati ya barabara, na basi la Mombasa nalo linakuja. Kesho yake asubuhi mimi ndiye nashuka na koleo. Wenzangu wananiita Mchungaji, eti kwa sababu sipiti mzoga bila kusimama. Wacha wacheke. Mzoga mmoja ukiachwa barabarani unazaa mingine mitano: anakuja mbweha kula, anagongwa, anakuja tai kumla mbweha, anagongwa naye. Basi mimi huuvuta kando, mbali kabisa na lami. Yule mkubwa napigia simu askari wa wanyamapori, maana mnyama wa pori hata akifa ni mali ya serikali, kama vile sisi. Akiwa mbuzi wa watu namtafuta mwenye mali. Asipopatikana, ngozi inakuwa kiti na nyama inakuwa ya mbwa wa kambi. Mafuta ya kondoo nimepaka viatu vya kambi nzima. Vitu vidogo vidogo naokota. Mkono hauwezi kukaa bure.

Ndiyo maana nimekutumia ufagio wa kupangusia vumbi, ni manyoya ya kanga, na miiba kumi na miwili ya nungunungu. Nimeiosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Usiogope.

Kwa vile Byron anaendesha alfajiri, mwambie haya kutoka kwa mjomba wake. Saa mbaya ni kunapokucha na kunapokuchwa, wakati wanyama wanatembea na dereva haoni vizuri. Akiona mmoja amevuka asifurahi, wa pili yuko kichakani anajipanga, na huyo wa pili ndiye hufa. Macho yakimulika mbele, apunguze taa kubwa, maana mnyama akipigwa na mwanga anasimama pale pale kama amekula kiapo. Apige honi na ashike breki huku gari limenyooka. Asikate kona kumkwepa sungura akaenda kukumbatia mti. Na asitupe maganda ya ndizi wala mabunzi ya mahindi dirishani, anafundisha nyani kwamba barabara ni hoteli.

Kuhusu Mei, tutaona. Kontrakta ni mtu mgumu.

Nduguyo,
Mabonga


Langas, Eldoret
24 Machi 2024

Kwa Mchungaji wa Mizoga,

Salamu. Huku mvua imeanza, na matope ya Langas yamerudi kutusalimia. Linah amekohoa wiki nzima lakini mdomo hauna homa.

Neno moja nililitaka, wewe umenipa manyoya.

Haya, nashukuru. Ufagio wako Linah anapangusia televisheni, na kila akipangusa anaacha unyoya mmoja kwa kioo, sasa mtangazaji wa taarifa ya habari ana ndevu. Miiba ya nungunungu jirani yangu wa saluni ameninyang'anya, anagawia nywele za wateja. Anasema hakuna kitana kama hicho duniani. Wateja hawajui kimetoka wapi, na wewe nyamaza hivyo hivyo, kwa kunyamaza nakuaminia.

Mafundisho yako Byron aliyasoma kwa sauti tukila. "Mathe, Mjomba ni noma," akasema, "huyu anafaa kufunza watu." Na nikwambie ukweli, juzi kule Kapseret kondoo mmoja alivuka, Byron akakumbuka, akasimama kabisa. Akaja wa pili. Akaja na wa tatu, tena huyo wa tatu akasimama kumtazama kama anauliza hii breki umetoa wapi. Kwa hivyo umeokoa kondoo. Usivimbe kichwa.

Lakini nimeisoma barua yako tena peke yangu, nikahesabu mafundisho. Umesema saa, umesema macho, umesema taa, breki, honi, mpaka maganda ya ndizi. Kuna moja umeliacha, lile ambalo kila dereva huambiwa la kwanza. Sijui umelisahau au unalikumbuka sana. Mimi si dereva. Mimi ni muuza matumbo.

Byron ananiuliza kila jioni, "Mjomba amejibu?" Jana aliacha kuuliza, akanitazama tu. Yule mtoto tayari amezika baba mmoja. Kama huji, mwambie wewe mwenyewe, mimi siwezi kuwa mdomo wako.

Unakuja au huji?

Nanzala


Voi
14 Aprili 2024

Kwa dada Nanzala,

Salamu nyingi. Natumaini Linah amepona. Jaribu tangawizi na limau, na ikishindikana mpe kitabu, ataponea hapo.

Nimemuuliza kontrakta kuhusu Mei. Anasema haiwezekani. Jua ni kali, vumbi ni jingi, boza ni moja. Mimi nifanye nini? Niliumia sana, lakini kazi ni kazi.

Hata hivyo nisionekane mjomba wa karatasi. Nimemtengenezea Mzee Kipngetich zawadi ya heshima, usinga wa kupungia nzi. Nimefanya kazi hiyo wiki mbili. Mpini ni wa mti mgumu, nimeuvika ngozi ya mbuzi na kuushonea shanga nyekundu na nyeupe, na mkia wenyewe ni wa fisi. Nakueleza ukweli wake usije ukaniwazia mabaya. Punda aligongwa hapa Jumatatu moja mwezi uliopita, mimi nilikuwa upande ule mwingine na boza, nikachelewa kumvuta. Fisi akaja kula, basi likampitia. Nilipofika magari yalikuwa yamemaliza kazi, mkia peke yake ndio uliobaki wa kuitwa mkia. Nikaona si haki mnyama mzima apotee hivyo bila hata kumbukumbu. Nimeuosha mara tisa. Hata mimi harufu siisikii tena.

Mzee akiushika mbele ya wageni atajua anaungana na watu wa maana. Byron amkabidhi kwa mikono miwili na aseme, "Hii ni kutoka kwa mjomba wangu, yuko pamoja nasi."

Msinihukumu.

Mabonga


Langas, Eldoret
6 Mei 2024

Kwa mjomba wa karatasi,

Salamu. Linah amepona. Wengine sote tunaumwa na aibu, na hiyo haina tangawizi.

Keti chini kwanza, kama kwa hilo boza kuna mahali pa kuketi.

Tulienda. Mimi, Byron na suti ya marehemu baba yake, na wazee wawili wa kanisa ambao nilikuwa nimewaahidi nyama. Wametukaribisha vizuri sana. Sebule imejaa, mursik, yale maziwa yao ya mgando, inapita, Jelagat amevaa gauni la kijani, anatuchungulia kutoka jikoni. Mzee akauliza, "Mjomba?" Byron akasimama na usinga wako, mikono miwili kama ulivyoagiza, akasema kaubeti kako kote.

Mzee akaupokea. Akaupunga mara moja, akausogeza puani. Akaukalisha magotini.

"Mama Byron," akasema, "huu ni mkia wa nini?"

Mabonga, mimi nilikuwa na barua yako ndani ya mkoba. Fisi, umeandika. Lakini nikaangalia zile nyuso, nikaona fisi hawezi kupita pale, nikasema, "Ni mkia wa ng'ombe dume wetu wa Bungoma, Mzee. Wa baba yetu."

Akaniangalia kwa upole sana. "Huyo ng'ombe wa baba yenu," akasema, "alikuwa anacheka?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa mmoja wa wazee wangu wa kanisa, na huyo nyama yake nimeifuta. Kumbe fisi ndiye mnyama wa ukoo wa Mzee! Sisi hatukuuliza. Miaka yote tumeishi na hawa watu, tunanunua maziwa yao, wanakula matumbo yangu, na hakuna siku niliuliza ukoo wa mtu ni wa mnyama gani. Fisi hawamuui, hawamtusi, na wewe umemletea baba mkwe mkia wa ndugu yake umeshonewa shanga. Hata maadui wetu hawangefikiria zawadi kama hiyo.

Nilitaka ardhi inimeze. Jelagat alirudi jikoni akafunga mlango. Byron alitoka nje, akasimama kando ya pikapu akiwa amenipa mgongo.

Lakini Mzee hakutufukuza. Aliita watu wake wakachimba shimo nyuma ya zizi, wakauzika ule mkia, wakaufunika na majani mabichi, tukasimama wote. Fisi wako alizikwa vizuri, bila hotuba hata moja. Nimehudhuria mazishi ya watu ambayo hayakufika hapo. Kisha akanirudia, akasema, "Mama, mimi sina hasira kwa sababu ya mkia. Barabara inaua kila mtu. Nina hasira kwa sababu ya ng'ombe. Huyo ndugu yako aje mwenyewe, asimame hapa, aseme huyu alikufa wapi na alikufa vipi. Akisema kweli, tutaongea habari ya watoto. Mtu anayedanganya juu ya aliyekufa, mimi siwezi kumpa binti."

Tarehe kumi na tano Juni. Hakutakuwa na nyingine. Byron amesema usipokuja ataenda kwa Mzee peke yake amwambie hana mjomba, na Jelagat amemwambia akifanya hivyo baba yake atakuwa amefunga kitabu.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijicheka. Nimeona jinsi ulimi ulivyo mwepesi, Mabonga. Watu wanakutazama, mzoga uko mbele yao, na neno moja dogo linatoka lenyewe. Halafu unaanza kulilisha. Mimi lilinichukua kufumba na kufumbua. Sasa nakuuliza wewe ambaye una uzoefu: unaishi nalo vipi?

Wachira amemuuliza kontrakta wako. Anasema hujawahi kuomba ruhusa hata siku moja.

Nanzala


Voi
26 Mei 2024

Dada Nanzala,

Salamu. Sina habari za hapa.

Hakukuwa na swara.

Nimeandika hivyo mara nne na kuchana mara tatu. Hii ya nne naiacha.

Siku ile nilikuwa nimetoka Malaba, sikuwa nimelala. Nilifika kwenu asubuhi, Sifuna akasema twende Kaptagat tukachukue viazi. Ningesema nimechoka. Sikusema, kwa sababu nilijua atanicheka, ataniita bibi harusi. Tulienda. Tukirudi ilikuwa saa tisa, jua limejaa kwa kioo, joto, na yeye ananipigia hadithi ya yule jogoo wa jirani yenu aliyekuwa akiwika saa sita mchana. Unajua alivyokuwa akisimulia, mpaka mikono yake inawika. Akafika katikati, akanyamaza. Nikamtazama, amesinzia. Nikasema moyoni, wacha apumzike. Hilo ndilo jambo la mwisho ninalokumbuka. Nilipofungua macho tulikuwa ndani ya mti.

Afisa wa polisi alipoandika aliniuliza, "Mnyama alivuka?" Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Pale hospitali likawa swara. Kufika matanga, swara alikuwa na pembe, na mchungaji akahubiri juu yake dakika arobaini, na wewe umekaa mbele yangu umefunika kichwa. Nilitaka kusimama. Nikaitikia amina na wengine. Baadaye nikaona ni rahisi kuhamia mbali na nyinyi wote kuliko kusema maneno matatu.

Wenzangu wanafikiri nasimama kwa kila mzoga kwa huruma. Nadhani mimi nilikuwa namtafuta huyo swara. Najua ni wazimu. Kila kilicholala barabarani nashuka niangalie, na kila siku si yeye. Hata hadithi ya yule jogoo sijui iliishaje, na hakuna wa kuniambia.

Fundisho nililoliacha ni hili, mwambie Byron: akisikia usingizi, asimame. Asione aibu ya mtu yeyote. Asimame.

Nimeomba ruhusa jana. Kontrakta alinipa kabla sijamaliza kuongea. Nitakuja tarehe kumi na tano hata kama mtanifungia geti lenu la bluu. Nitamwambia Mzee kuhusu fisi. Nikimaliza nitamwambia kuhusu Sifuna, mbele ya Byron. Mzee alitaka ukweli juu ya aliyekufa, na mimi ninao wawili.

Nisamehe, dada. Au usinisamehe. Lakini sasa umejua.

Mabonga


Langas, Eldoret
5 Juni 2024

Kwa ndugu yangu Mabonga,

Salamu. Huku tuko. Mvua imepungua, Linah amekuwa wa tatu darasani na nyumba haikaliki kwa maringo. Magoti nimeyakanda na maji ya chumvi kama ulivyosema. Hayajapona, lakini sasa yana ladha.

Mimi nilijua.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilienda pale kituoni walipolivuta gari lako. Nimeosha matumbo miaka kumi na tisa, damu na nywele za mnyama hazinipiti. Nikapiga haya magoti chini, nikaangalia bampa sentimita kwa sentimita. Maganda ya mti. Utomvu. Majani. Hata unywele mmoja wa swara hakuna. Nikapanda gari mpaka Plateau, nikamuuliza mama mmoja wa kibanda ni nani aliyekula swara wiki ile, maana nyama haipotei barabarani kwetu. Akaniambia tangu aolewe pale hajaona swara, labda kwa kalenda.

Basi nikarudi nyumbani nikakufungia namba, nikakaa kungoja. Nilitaka lile neno litoke kwako, lisitoke kwangu. Miaka miwili, Mabonga. Nimekuchukia kwa huyo swara kuliko kwa huo usingizi. Usingizi ni wa kila mtu. Uliniacha nimlilie mume wangu huku nikimlaani mnyama ambaye hayuko. Katika mizoga yote uliyoipatia kazi, huyo ndiye uliyemtumia zaidi, na hakuwahi hata kuzaliwa.

Nimelia wiki nzima, wateja wakidhani ni vitunguu. Byron nimempa barua aisome mwenyewe. Alikaa nayo nje mpaka chai ikapoa, kisha akaingia akasema, "Aje." Hilo tu. Kukusamehe nitaanza, lakini si leo, leo nina nguo za kufua. Na usije na zawadi! Hata unyoya. Nitakupekua getini.

Namba yako nimeifungua. Usipige bado.

Sasa sikia mpango. Tarehe kumi na tano Byron na wale wazee, pamoja na yule wa kucheka, watapanda nyuma ya pikapu. Wewe utaendesha. Usianze kunipa sababu. Wachira ameniambia kile kiti cha kando yako kwa boza hujakubali mtu akikalie tangu uanze kazi, hata mvua ikinyesha. Ameniambia pia kwamba unakiwekea koleo ili kionekane kina mwenyewe. Siku hiyo kiti cha mbele nitakaa mimi.

Kutoka hapa mpaka Kapseret ni karibu, lakini mimi nina maneno ya miaka miwili. Nitakueleza geti la bluu, magoti, Linah, saluni ya jirani na kila mteja aliyenikopa kwa tabasamu. Nitakueleza jinsi yule jogoo alivyoishia, maana hadithi hiyo Sifuna alinipigia mimi kwanza, mara sita. Utachoka na mimi, utatamani ungebaki na fisi wako, lakini hutalala.

Na ukisikia nimenyamaza, usiseme wacha apumzike. Simamisha gari.

Dada yako,
Nanzala